Modeli ya HMS Illustrious, 1942: Dalili, Chanzo na Tiba

Manowari ya kawaida ina vibanda, mizinga na milingoti ya kuficha kiungo kibaya. Meli ya kubeba ndege haina pa kuficha, kwa sababu juu yake kuna uwanja mtupu tangu omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kosa lililofanyika siku ya kwanza, chini kabisa kwenye bodi (mwili wa meli), huibuka juu ya sitaha wiki kadhaa baadaye, na mjenzi hukimbilia kulitibu palepale lilipoibukia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, lakini mara nyingi utakurudisha nyuma hatua mbili tatu, mahali ambapo ugonjwa ulianzia.

Meli niliyoichagua ni HMS Illustrious ya Uingereza, kwa kipimo cha 1/350, na mwaka ni 1942. Sababu yangu ni Bahari ya Hindi. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee tarehe 9, kikosi cha mashariki cha Uingereza chini ya Admirali James Somerville kilihamia Kilindini, Mombasa. Illustrious ilishiriki katika uvamizi wa Diego Suarez, Madagaska, ulioanza tarehe 5 Mei, kisha ikatumika pamoja na kikosi hicho. Septemba ilirudi tena Madagaska kulinda majeshi yaliyotua Majunga, na katika vita vya nchi kavu vilivyofuata walikuwamo askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki. Meli hii imo katika historia ya pwani yetu, na inastahili kujengwa kwa usahihi.

Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 225.6 na upana wa bodi wa mita 29.2. Kwa 1/350 utapata sentimita 64.5 kwa sentimita 8.3. Kumbuka pia kwamba mtu wa urefu wa mita 1.75 ni milimita 5. Kila unapojiuliza kama kitu ni kinene mno, kisimamishe kando ya huyo mtu.

Modeli haifanani na picha

Umemaliza sitaha, unaiweka kando ya picha iliyopigwa Madagaska, na upande wa tezi haukubali. Kwenye modeli sitaha inaanza kuinama mapema, kwenye picha imenyooka hadi karibu na ukingo.

Hapa tatizo ni tarehe. Illustrious ilianza kazi tarehe 25 Mei 1940, na ncha zote mbili za sitaha yake zilikuwa zimeinamishwa sana ili upepo upite bila kuvurugika. Tarehe 10 Januari 1941 ndege za Stuka za Ujerumani ziliitwanga kwa mabomu katika Mediterania, ikajikokota hadi Malta, na baadaye ikapelekwa Norfolk, Virginia, kwa matengenezo makubwa. Huko mwinamo wa nyuma ulipunguzwa, na sehemu ya sitaha inayotumika ikaongezeka kutoka futi 620 hadi futi 670, yaani karibu mita 15 zaidi. Kwenye modeli yako hizo ni sentimita 4 na kitu. Jicho linaliona hilo hata kwa mbali. Pia iliongezewa mizinga midogo ya Oerlikon ya milimita 20, na ikaweza kuchukua ndege 41, kwa kuwa nyingine sasa ziliegeshwa juu ya sitaha moja kwa moja.

Kama kifurushi chako cha vipande vya modeli kinaonyesha meli ya 1940 na hujapaka gundi, una bahati. Pandisha mwinamo wa nyuma kwa tabaka za plastiki bapa, ziache zikauke vizuri, halafu upige msasa hadi ziungane na sitaha bila ngazi. Kama sitaha imeshagandishwa, kazi ni ileile ila utafanyia juu ya meli, na vyote vilivyo karibu vivuliwe kwanza. Na kama huna moyo wa kufanya hivyo, jenga meli ya Novemba 1940, iliyorusha ndege 21 za Swordfish kushambulia bandari ya Taranto. Hilo ni chaguo la heshima. Kisichofaa ni kuchanganya: sitaha ya 1940 na mizinga ya 1942.

Dalili ya jamaa moja na hiyo ni ndege iliyokunjua mabawa ikiwa juu ya lifti. Lifti za Illustrious zilikuwa na upana wa futi 22, ambao kwa 1/350 ni milimita 19. Swordfish iliyokunjua mabawa ni karibu milimita 40, iliyokunja ni 15. Ukiona haienei, usichonge lifti. Kunja mabawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya wenyewe, na ndiyo maana walihitaji ndege za kivita za Martlet zenye mabawa ya kukunjwa.

Tazama pia milingoti ya redio iliyo pembeni mwa sitaha. Ndege zikiruka au kutua, milingoti hiyo ililazwa nje. Modeli yenye Swordfish inayoanza kukimbia huku milingoti yote imesimama inaonyesha ajali inayokaribia.

Bodi imepinda

Hapa nitakaa, kwa sababu nusu ya matatizo ya baadaye yanatoka hapa.

Kipimo chake ni kioo. Tafuta kioo kinene cha meza, kilaze pasipo mtikisiko, weka bodi juu yake na ujaribu kupitisha karatasi chini yake kuanzia omo hadi tezi. Kisha inamisha kichwa, uangalie kwa jicho moja kutoka omo. Mambo matatu yanaweza kujitokeza, na kila moja lina chanzo chake.

La kwanza, kila nusu ya bodi imepinda peke yake hata kabla ya kuunganishwa. Hii imetoka kiwandani au kwenye boksi: plastiki ilitolewa kwenye kalibu kabla ya kupoa sawasawa, au boksi lilihifadhiwa mahali pa joto likiwa na mzigo juu yake. Tiba ni maji ya moto, lakini si ya kuchemka. Plastiki hii, polistirini, huanza kulegea karibu na nyuzi 100, na ukiitumbukiza kwenye maji yanayotokota inaweza kupoteza umbo kabisa. Unataka nyuzi 60 hadi 70. Mombasa au Dar es Salaam, lita moja ya maji yaliyochemka kwa lita moja ya maji ya bomba inakupa kipimo hicho bila kipimajoto. Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94 na ya bomba ni baridi, ongeza ya moto kidogo. Zamisha kipande, kishike kikiwa kimenyooshwa kupita kiasi kidogo upande wa pili, kisha kipeleke kwenye maji baridi ukiwa bado umekishika. Rudia mara chache kwa upole. Usitafute kumaliza kwa mkupuo mmoja.

La pili, nusu zote zilikuwa zimenyooka lakini bodi ikapinda baada ya gundi. Hapa chanzo ni mpangilio wa kazi. Gundi ya plastiki inayeyusha, na inapokauka inavuta. Ukipaka upande mmoja wote tangu omo hadi tezi, bodi itavutwa upande huo. Paka vituo vifupi kwa kupishana: kidogo omo, kidogo tezi, kidogo katikati, huku mapande yamefungwa kwa masking tepu, halafu jaza nafasi zilizobaki kesho yake.

La tatu ndilo baya zaidi: bodi imesokoteka, omo unatazama kidogo kulia na tezi kidogo kushoto. Kona moja inagusa kioo na nyingine imeelea. Chanzo karibu kila mara ni sitaha iliyolazimishwa kuingia kwenye bodi isiyo na kuta za ndani. Kata kuta za plastiki ya milimita 1.5 au 2, uzisimamishe ndani ya bodi kila baada ya sentimita 8 hivi, na upana wake uuchukue kwenye upande wa chini wa sitaha, usiuchukue kwenye bodi. Hapa wengi wanajikwaa: wanapima bodi iliyokwisha pinda, wanakata kuta zinazolingana na pindo, na kuta hizo zinalifunga pindo lisitoke tena. Sitaha bapa ndiyo iliyo sahihi zaidi kati ya viwili hivyo. Ifanye iwe kipimo.

Kama bodi imesokoteka na imeshakauka, usitumie nguvu za mikono peke yake. Itapasuka kwenye kiungo cha mkuku, yaani uti wa chini wa meli. Fungua kiungo cha sitaha kwa kisu chembamba, weka kuta, kisha ifunge meli kwenye ubao ulionyooka kwa skrubu mbili zinazopenya mkuku na kushikwa na nati zilizogandishwa ndani. Skrubu hizo hizo baadaye zitashika stendi, kwa hiyo si kazi ya bure.

Mstari wa kiungo umerudi juu ya sitaha

Sitaha ya 1/350 mara nyingi huja katika vipande viwili au vitatu. Uliviunganisha, ukaziba kwa puti, ukapiga msasa, ukaona pamekuwa laini kama yai, ukapaka rangi. Wiki mbili baadaye mfereji mwembamba umejichora palepale.

Puti ya kutengenezea husinyaa inapopoteza kiyeyusho, na kiyeyusho hakitoki kwa siku moja. Hata plastiki iliyolainishwa na gundi kandokando ya kiungo huendelea kuzama kwa siku nyingi. Uliisawazisha ikiwa bado imevimba, na ikasinyaa baada ya wewe kuondoka. Basi kuna tiba mbili: muda, au kijazio kisichosinyaa. Mimi napendelea supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto hadi iwe kama uji mzito. Ina sharti moja: ipigwe msasa ndani ya saa chache, kwa sababu ikilala usiku kucha huwa ngumu kuliko plastiki, na msasa utakula plastiki pande zote mbili na kuiacha supaglu ikiwa imesimama kama tuta.

Kujua kama pamelingana, rangi si shahidi wa kutegemewa. Chora mistari ya penseli inayokatisha kiungo, kisha piga msasa mara moja tu, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao bapa. Penseli itafutika kwenye vilima na kubaki mabondeni. Halafu zima taa ya juu, shika tochi iwe karibu kulala juu ya sitaha, na utazame vivuli.

Ikiwa ni ngazi, yaani kipande kimoja kiko juu ya kingine, basi hakuna kinachobeba kiungo kwa chini. Kabla ya kuunganisha, gandisha ukanda mpana wa plastiki chini ya kipande kimoja, nusu yake ikitokeza, ili kipande cha pili kiukalie.

Modeli za meli za Marekani kama Enterprise, CV-6, zina nafuu hapa, kwa sababu sitaha yake ilikuwa ya mbao zilizopangwa kukatisha upana wa meli, na kiungo kinachofuata mstari wa mbao hupotea. Illustrious ilikuwa na sitaha ya chuma cha deraya, inchi 3 juu ya hanga, yaani ghala la ndege. Haina mbao za kukuficha. Kama kifurushi chako kina mistari ya kiungo cha mabati na umeifuta kwa msasa, ichore upya kwa sindano na rula ya chuma iliyobandikwa kwa tepu, ukipitisha mara nyingi kwa mkono mwepesi. Mkono ukiwa mzito sindano itafuata njia yake yenyewe.

Vibanda vya mizinga haviko usawa mmoja

Illustrious ilikuwa na vibanda 8 vya mizinga pacha ya inchi 4.5, viwili viwili kwenye kila pembe, na mapaa yake yalitokeza juu kidogo ya sitaha ili mizinga iweze kupiga kuvuka upande wa pili. Ukitazama kwa usawa wa jicho na kuona kimoja kimepanda kuliko jirani yake, angalia tundu kilipokaa: kwa kawaida ni kinundu cha plastiki kilichobaki chini, au gundi iliyorundikana. Usichonge paa. Kama ni jozi nzima iliyoinuka pembe moja, rudi kwenye kioo. Hiyo ni bodi iliyosokoteka inayojitangaza.

Reli za shaba: zinabanduka, zinajikunja, zinapata unga mweupe

Reli (vizuizi vya ukingoni), ngazi na antena huja katika bati nyembamba la shaba lililokatwa kwa asidi. Reli ya urefu wa mita moja hapa ni milimita 3, na Illustrious ina mzunguko mrefu wa vijukwaa vya kando vinavyoihitaji.

Zinazobanduka zina mafuta ya kiwandani au ya vidole vyako. Osha bati zima kwa spiriti kabla ya kukata chochote, kisha lipulizie prima likiwa bado kwenye fremu.

Zinazojikunja na kukataa kufuata mviringo wa jukwaa bado zina ukakamavu wa chuma. Pitisha kipande juu ya moto mdogo wa jiko la gesi hadi rangi igeuke, kisha kiache kipoe chenyewe. Kitatii kidole. Lakini usifanye hivyo kwa reli ndefu iliyonyooka: ikilainika itachukua kila kipigo cha kibano na haitanyooka tena kama mwanzo. Laini ni ya kona, kakamavu ni ya mstari mrefu.

Unga mweupe unaofanana na ukungu kuzunguka kiungo ni wa supaglu. Gundi hii hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewani, na mvuke wake ukikutana na hewa nzito hutua kandokando na kuganda kama unga. Masika ya Mombasa, Zanzibar au Tanga, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua na hewa haitembei, unga utaupata hata kama ni tone dogo. Punguza gundi: tone liweke juu ya kipande cha kigae, lichovye kwa ncha ya sindano, uguse kiungo mara moja. Weka feni ipulize ikipita juu ya kazi, isielekezwe kwenye kazi yenyewe. Unga uliokwisha ganda unatoka kwa brashi ngumu yenye spiriti kidogo, na ukibaki alama, vanishi isiyong'aa itaifunika.

Kwa reli ambazo hazibebi uzito wowote, mimi naacha kabisa supaglu. Gundi nyeupe ya mbao au vanishi ya akriliki inakupa dakika kadhaa za kusogeza kipande, haitoi unga, na ikikosewa unaifuta kwa maji.

Na vipande vinavyoruka kutoka kwenye kibano na kupotea sakafuni: bana pindo moja la khanga kwenye ukingo wa meza na pindo la pili ulifunge kiunoni. Kipande kinaangukia mapajani.

Rangi

Inahisi kama msasa. Rangi imekauka hewani kabla ya kufika. Joto la mchana na bomba la kupulizia rangi lililo mbali ndivyo vinavyofanya hivi. Sogea karibu, sentimita 8 hadi 10, punguza presha, ongeza thina inayokauka polepole, na ufanye kazi alfajiri.

Matone ya maji ndani ya rangi. Ni kompresa. Hewa yenye unyevu ikibanwa na kupoa, maji hutengana ndani ya tangi na mpira. Toa maji ya tangi kila siku ya kazi na ufunge kichujio cha maji karibu na bomba. Pwani hiki si kitu cha hiari.

Vanishi imegeuka kama maziwa. Unyevu umenaswa. Usiongeze tabaka nene kwa hasira. Ngoja siku kavu, pulizia ukungu mwepesi wa thina ya vanishi ileile, na mara nyingi weupe utayeyuka.

Rangi imejitenga na kuacha vijishimo vya duara. Mafuta ya kalibu au ya vidole. Fremu zote zinazoshika vipande vya plastiki zilipaswa kuoshwa kwa sabuni ya vyombo kabla ya kuanza.

Rangi imepenya chini ya tepu. Baada ya kubandika tepu, pulizia kwanza rangi ya chini au vanishi angavu kwenye ukingo wa tepu, kisha rangi mpya. Kitakachopenya kitakuwa kile ambacho hakionekani.

Meli nzima inaonekana nyeusi mno. Hili linasumbua wengi, hata waliotumia rangi zenye namba sahihi za Admiralti. Rangi iliyolingana na meli ya mita 225 haionekani ileile kwenye kitu cha sentimita 64, kwa sababu meli halisi unaitazama kupitia hewa nyingi inayoififisha. Ongeza kijivu hafifu kwenye kila rangi, hasa zile nzito. Lakini kabla ya kulaumu rangi, jiulize picha gani ulitumia. Filamu za zamani za aina isiyohisi nyekundu zilitoa nyekundu ikiwa karibu nyeusi, na buluu ikiwa hafifu kuliko ilivyokuwa. Kijivu chenye ubuluu kinaweza kuonekana karibu cheupe. Linganisha picha mbili au tatu za kipindi kimoja kabla ya kuamua. Imperial War Museums ya Uingereza ina picha nyingi zilizopigwa na wapiga picha wa jeshi la majini.

Plastiki imepasuka nyufa ndogo baada ya kupaka kioevu cha kivuli, yaani rangi nyepesi ya kutia vivuli. Chanzo ni tapentaini iliyoingia kwenye plastiki isiyofunikwa na inayovutana, kwa mfano pale sitaha ilipolazimishwa. Funika kwa vanishi kwanza, tumia kidogo. Unaona tena jinsi pindo la bodi linavyokufuata hadi huku.

Ndege

Swordfish ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na kwa ukubwa huu bawa la juu hupenda kukaa upande. Ukigandisha nguzo zote kwa wakati mmoja, kila nguzo inavuta kwake. Paka rangi sehemu za ndani kwanza, kwa sababu brashi haitafika huko tena. Kisha tengeneza kitanda cha kadi ngumu kinachoshika mwili wa ndege ukiwa chali, laza bawa la juu chini, gandisha nguzo za katikati peke yake, ziache zikauke, ndipo uje za nje.

Kama ndege zako ni za plastiki angavu na mwanga unapenya hata baada ya rangi, hazikupata tabaka la giza. Anza na prima nyeusi au ya kijivu kizito, ukiziba vioo vya rubani, kisha rangi za juu.

Stika za maji zikionyesha ukingo wa fedha, kuna hewa chini yake: ziliwekwa juu ya rangi kavu isiyong'aa, ambayo kwa karibu ni kama changarawe. Pulizia vanishi inayong'aa kwanza, weka stika, lainisha kwa kioevu chake, halafu vanishi isiyong'aa ije mwisho. Stika iliyokwisha kauka ikiwa na fedha, itoboe kwa ncha ya sindano mara kadhaa na uguse kwa kioevu hicho. Itazama yenyewe.

Alama zenyewe zina tarehe. Katikati ya 1942 Waingereza walibadilisha miduara ya ndege zao: nyeupe na njano vikawa vyembamba zaidi. Ndege ya Diego Suarez ya mwanzoni mwa Mei na ndege ya Majunga ya Septemba hazipaswi kuwa na stika zilezile. Na ukiona karatasi ya stika za Bahari ya Hindi zisizo na nyekundu kabisa, hizo ni za baadaye, nyekundu ilipoondolewa ili ndege zisidhaniwe kuwa za Kijapani.

Nyaya zimelegea

Uzi ulionyooka jioni umelegea asubuhi. Kama ni uzi wa plastiki uliovutwa kutoka kwenye fremu kwa moto, washa kijiti cha udi, kipulize hadi kibaki kaa tu, na ukipitishe chini ya uzi bila kugusa. Uzi hujikaza wenyewe. Ukikaribia mno utakatika, kwa hiyo anza kwa mbali na ushuke taratibu.

Kama kinacholegea ni waya mmoja tu kila unapokaza mwingine, mlingoti unainama. Mlingoti wa plastiki kwa ukubwa huu hauwezi kubeba nyaya nyingi za upande mmoja. Badilisha shina lake kwa waya wa chuma au mrija wa shaba, au tumia uzi wa mpira mwembamba ambao hauvuti sana. Unene nao uangaliwe: uzi wa milimita 0.1 ni kebo ya sentimita 3.5 kwenye meli halisi. Unywele wa mtu ni mnene vya kutosha kwa waya wa redio.

Bahari

Nitagusa kidogo. Jeli ya akriliki ya kutengenezea maji iliyobaki nyeupe ndani imewekwa nene mno kwa mara moja. Iache, na safari nyingine weka tabaka nyembamba. Povu la nyuma likionekana la bandia, hesabu mihimili: Illustrious ilikuwa na rafadha tatu, moja katikati na mbili pembeni, kwa hiyo maji yaliyovurugika yanaanzia katikati ya tezi na kupanuka. Na ikiwa umeiweka meli imetia nanga Kilindini, povu hilo liondoe lote.

Kioo cha kasha kimepata ukungu, mizinga imeota unga

Modeli imekamilika, imewekwa kwenye kasha, na baada ya muda kioo kina utando kwa ndani. Vanishi na gundi bado zinatoa mvuke, na supaglu ndiyo kinara. Iache modeli wiki kadhaa kwenye hewa, ukiifunika kwa boksi la karatasi dhidi ya vumbi, kabla ya kuifungia. Usifanye ukarabati wa supaglu ndani ya kasha lililofungwa hata kama ni tone moja.

Unga mweupe unaoota juu ya mizinga au nanga za chuma laini cheupe ni jambo jingine, na ni la haraka. Vipande vya aina hiyo vikiwa na risasi ndani yake, huliwa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, plaiwudi na baadhi ya gundi za mbao, hasa kasha likiwa halipitishi hewa. Rangi pekee haizuii. Toa vipande vilivyoathirika na uweke vya plastiki, resini au shaba, toboa matundu ya hewa yaliyofichwa chini ya kitako cha kasha, na kama kitako ni cha mbao, kibadilishe kiwe cha akriliki au alumini. Kisha kagua vipande vilivyobaki kwa lenzi, ukianzia pembe zile zilizo karibu zaidi na ubao.